Kabla ya kushusha giaboksi, kagua propela

Lori la mjomba wangu, Isuzu FRR lililopita miaka 20, hupeleka nazi Nairobi kutoka Kilifi. Mwezi wa Shaaban lilianza kutetemeka. Likifika kilomita 60 kwa saa, sakafu yatikisika kama cherehani. Ukizidisha mwendo yapungua kidogo. Gereji moja ya Industrial Area ikasema giaboksi imekwisha. Likashushwa, likafunguliwa, mjomba akalipa. Aliporudi njiani mtikisiko ulikuwa pale pale, tena umezidi.

Malori haya si mageni mtaa ule. Kampuni inayoyaunganisha, iliyoanza 1975 kama General Motors Kenya na kuitwa Isuzu East Africa tangu 2017, iko huko huko. Lakini lori likizeeka halirudi kwenye lango lile. Huishia kwa mafundi wa kando ya barabara, Lunga Lunga na vichochoro vyake. Wako hodari mno, na wako wa kubahatisha. Mwenye lori asiyejua kuuliza ndiye anayelipa karo ya fundi mwanafunzi.

Fundi wa pili, mtu mzima, hakugusa spana kwanza. Baada ya swala ya alfajiri, kabla ya foleni, wakatoka na lori hadi Outer Ring. Akamwambia dereva afike 60, kisha akanyage klachi injini ishuke. Mtikisiko ukabaki. Basi si injini. Akamwambia ashuke gia moja, mwendo uwe ule ule 60. Injini ikanguruma zaidi, mtikisiko haukubadilika. Maana yake unafuata mwendo wa barabara: uko mkiani mwa giaboksi au nyuma yake, yaani propela, difu au magurudumu.

Propela na tairi hutofautishwa kwa hesabu ndogo. Tairi lenye mzingo wa mita 2.7, kwa mwendo wa 60, huzunguka kama mara 6 kwa sekunde. Difu ikiwa ya uwiano wa sita kwa moja, propela huzunguka mara 37. Tairi bovu au rimu iliyopinda huyumbisha lori polepole, na usukani huhisi. Propela hutetemesha haraka haraka, hadi mlio wake huingia masikioni. Difu nayo mara nyingi hulia kama upepo, na mlio hubadilika ukikanyaga mafuta au ukiachia. Ukisikia "ko!" unapoondoka, shuku krosi, kile kiungo chenye ncha nne.

Akaweka vizuizi kwenye magurudumu, akaingia chini. Akazungusha propela kwa mkono akitafuta uchezaji, akatazama kama kuna vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi. Krosi zilikuwa nzima. Mpira wa senta beringi ndio uliochanika. Huo ndio ugonjwa wa mwanzo. Wa pili uliletwa na gereji. Walipotoa giaboksi walichomoa propela kwenye meno yake bila kuweka alama, wakairudisha imezunguka. Mikono ya krosi za ncha mbili za propela moja lazima ikae sambamba, ndipo mwendo wa kusukasuka wa krosi moja ufutwe na mwenzake. Ikipishana, hata propela mpya itatetemeka.

(Na sisi wa kuongeza springi ili lori libebe zaidi ya haki yake, tunainua pembe ya propela hiyo hiyo, kisha twalaumu barabara.)

Si raha ya kiti tu. Krosi ikikatika upande wa mbele, propela huangukia lami na yaweza kupiga mabomba ya breki. Hebu fikiria hilo kwenye mteremko wa Mazeras na shehena nyuma.

Siku hizi mjomba hubeba kopo la rangi nyeupe. Kabla fundi hajafungua bolti ya propela, yeye huchora mstari pande zote mbili za kiungo, na kipuri kilichotolewa hukitia kwenye gunia akarudi nacho Kilifi.