Je, Wajua? Nyigu Aliyeokoa Muhogo

Huko Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, muhogo hulisha nyumba mara mbili: mizizi kwa ugali, majani kwa sombe. Mwaka 1973 wadudu wageni walionekana kwenye mihogo karibu na Kinshasa na Brazzaville. Ni wadogo, wamefunikwa unga mweupe, na wote ni majike. Huzaa bila dume. Wakinyonya ncha changa, majani hujikunja na kushikamana kama ngumi. Sombe hukosekana kwanza, kisha mizizi hudumaa.

Hans Herren, mtafiti Mswisi wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA huko Ibadan, Nigeria, alijiuliza: kwao Amerika Kusini, ulikotoka muhogo wenyewe, nani huwazuia? Mwaka 1981 jibu lilipatikana Paraguay: nyigu Anagyrus lopezi, mdogo kuliko punje ya mchele. Jike humchoma mdudu na kutaga yai ndani yake. Buu likianguliwa humla kutoka ndani, hadi libaki gamba gumu la kahawia. Nyigu mpya hutoboa tundu na kutoka.

Nyigu hao waliachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha katika nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Zaire, yaani Kongo ya leo. Mkulima hakuhitaji kununua hata chupa moja ya dawa, na kwangu huo ndio ukubwa wa kazi hii. Mwaka 1995 Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Mkulima, wadudu hao wa unga mweupe husafiri kwenye vijiti vya kupandia, hivyo usichukue kijiti chenye unga huo. Ukiona magamba ya kahawia yenye tundu, usinyunyize sumu. Nyigu wako kazini.