Nguruwe mwitu: Awindwe porini au ndani ya ua?

MKULIMA wa Khunyangu, katika eneo la Butula, Kaunti ya Busia, akiamka asubuhi na kukuta mihogo yake imefukuliwa na nguruwe mwitu, sheria haimruhusu kushika mkuki na kumfuata mnyama huyo. Mwenzake wa ng'ambo ya Malaba, akipatwa na hasara iyo hiyo, anaweza kupeleka malalamiko yake wilayani, aletewe askari wa kupambana na wanyama waharibifu.

Nguruwe ni yule yule. Kinachotofautiana ni sheria. Kwa miaka mingi Uganda imemweka nguruwe mwitu katika orodha moja na nyani na tumbili, yaani wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti nje ya hifadhi ikaachiwa serikali za wilaya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya bidhaa za wanyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilishikilia msimamo huo: imeharamisha uwindaji wa kujifurahisha, na vilevile ule wa kutafuta kitoweo. Kwa hivyo babu aliyezoea kutoka na mbwa, nyavu na mikuki pamoja na wanaume wa kijiji, na tajiri anayetaka pembe za kutundika ukutani, wote wawili ni wahalifu mbele ya hakimu.

Kila mjadala wa kulegeza marufuku hiyo unapozuka, huja na swali moja: mnyama awindwe kwenye ardhi ya wazi, au ndani ya shamba lililozungushiwa ua?

Penye ardhi ya wazi mnyama si mali ya mtu. Serikali ndiyo inayogawa idadi ya kuwindwa, msimu na leseni. Hivyo ndivyo Tanzania inavyofanya katika vitalu vyake, na ndivyo Uganda ilivyoanza upya mwaka 2001 kwa majaribio katika mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo. Shabaha ya Mburo ilikuwa kumpa mwenye ardhi sababu ya kumvumilia mnyama anayekula malisho yake.

Afrika Kusini ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1991 inamlinda kama mmiliki wa wanyama yule aliyewazungushia ua unaotosha. Hapo mnyama akawa kama ng'ombe: hununuliwa, hufugwa, hupigwa bei kwa mgeni mwenye bunduki. Mashamba ya aina hiyo yakaongezeka kwa maelfu. Mabingwa wa uwindaji wa kale hulibeza jambo hili, wakisema kumpiga risasi mnyama asiye na pa kukimbilia ni uchinjaji tu. Binafsi naona hoja yao ina uzito, lakini kwa mkulima wa Butula si hiyo iliyo kubwa.

Iliyo kubwa ni kwamba nguruwe na ua hawapatani. Ngiri waliopelekwa katika jimbo la Eastern Cape miaka ya 1970 hawakukaa walikowekwa. Walichimba chini ya seng'enge, wakasambaa mashamba ya jirani, na leo wafugaji wa huko wanawahesabu kuwa balaa. Marekani nako, baadhi ya nguruwe wanaoharibu mazao ni kizazi cha waliotoroka mashamba ya uwindaji, au walioachiliwa makusudi ili wawindwe.

Uwindaji wa wazi nao si dawa. Jimbo la Missouri lilikataza kuwinda nguruwe katika ardhi za idara yake ya uhifadhi mwaka 2016, kwa sababu kila bunduki ikilia, kundi hutawanyika na kwenda kuanzisha makao mapya. Huko hupendelea mitego mikubwa inayonasa kundi zima kwa mara moja.

Kisha kuna ugonjwa, na hapa Busia haina budi kusikiliza. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika ripoti ya Montgomery ya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Virusi vyake hukaa ndani ya ngiri na nguruwe mwitu bila kuwadhuru. Watoto wa ngiri huambukizwa shimoni na kupe laini wanaoishi humo, na kupe hao huweza kubebwa na ngiri hadi karibu na mabanda. Nguruwe wa kufugwa akiupata, kwa kawaida hufa katika siku chache, na tiba hakuna. Nyama ya mgonjwa hubaki na virusi muda mrefu, hata ikiwa imegandishwa.

Sasa, nguruwe wengi wa Busia hawafungiwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia nguruwe kumi wa magharibi mwa Kenya kwa vifaa vya satelaiti, ulionyesha kwamba walitembea zaidi ya kilomita 4 kwa saa 12, na karibu nusu ya muda huo walikuwa nje ya boma. Mwindaji akipasua mzoga na kutupa matumbo kichakani, nguruwe wa jirani ndiye atakayeyaokota. Nayo karo ya shule mara nyingi humtegemea nguruwe huyo.

Kenya yenyewe imewahi kujaribu ua. David Hopcraft alifuga wanyamapori katika ranchi yake ya Athi River na kuuza nyama, na mradi wa kuvuna wanyama kwa mgawo uliendeshwa miaka ya 1990 hadi ukasitishwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa G. G. Kariuki wa kuirekebisha sheria; Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi, huku watetezi wa wanyama wakihofia kwamba ungefungua mlango wa uwindaji. Lakini majaribio hayo yalikuwa ya watu wenye maelfu ya ekari. Butula mashamba ni vipande, miwa ya huyu imepakana na jiko la yule. Risasi ikikosa nguruwe haijulikani itatua wapi.

Kwa maoni yangu, linaloweza kuigwa na Busia ni lile la wilaya za Uganda: askari waliofunzwa, wanaoitwa na kijiji, chini ya usimamizi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Hilo litahitaji Bunge. Kabla ya hapo, mwenye mihogo iliyofukuliwa hana budi kupiga ripoti kwa chifu na kwa KWS, na mwenye nguruwe wake amfungie bandani, hasa usiku.