Nani kampigia nani: Vincent Blondel na simu za Ubelgiji

Ukikaa Brussels hukawii kuzoea kwamba kaskazini ni Kiholanzi, kusini ni Kifaransa, na sisi tuko katikati tunachanganya vyote na Kiswahili chetu. Je, mgawanyiko huo unaweza kuugundua bila kusikia neno hata moja, kwa kutazama tu nani kampigia nani?

Mwaka 2008 Vincent Blondel, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Louvain, na wenzake Jean-Loup Guillaume, Renaud Lambiotte na Etienne Lefebvre walichukua rekodi za simu za wateja wapatao milioni 2 wa Ubelgiji, wakaiachia kompyuta itafute makundi. Lugha za wateja hazikuguswa kwenye hesabu.

Kanuni yao ifikirie kama ukumbi wa harusi. Kila mgeni anaanza na meza yake peke yake. Mmoja mmoja anaulizwa: meza ipi ina watu unaoongea nao zaidi kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu? Hamia hapo, kama huna faida ya kuhama, kaa ulipo. Watu wakishatulia, kila meza inahesabiwa kuwa mgeni mmoja, na uhamaji unaanza upya, meza kwa meza, mpaka kuhama kusiongeze kitu. Basi. Wepesi huo ndio ulioipa kanuni hiyo, iitwayo njia ya Louvain, umaarufu: mtandao wa kurasa milioni 118 za wavuti iliupanga kwa dakika 152.

Kwenye simu yalitoka makundi 36 yenye wateja zaidi ya 10,000 kila moja. Ukiondoa kundi moja tu, katika kila lililobaki zaidi ya asilimia 85 ya watu walikuwa wa lugha moja. Wabelgiji wenyewe sidhani kama walishtuka. Chuo hichohicho cha Louvain kilipasuka mwaka 1968 kwa ugomvi wa lugha, upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve, na vitabu vya maktaba vikagawanywa kwa namba za rafu: witiri huku, shufwa kule!

Blondel baadaye aliongoza chuo hicho kwa miaka kumi, kuanzia 2014. Lakini kazi yake ninayoikumbuka zaidi ni ya 2013, aliyoifanya na Yves-Alexandre de Montjoye na wengine, kwa rekodi za simu za watu milioni 1.5 katika miezi 15. Majina yalikuwa yamefutwa. Hata hivyo, ukijua mahali pane na saa ambazo mtu alikuwepo, inatosha kumtenga na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao.

Nilijaribu kuhesabu mahali pangu. Nyumbani saa 12 asubuhi, kazini saa 4, saluni ya mtaa wa Matonge Jumamosi mchana, kanisani Jumapili. Tayari pane.