Kitenzi "Cleave" cha Kiingereza: Kuambatana au Kupasua?

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Ibrahimu achanjapo kuni (Mwanzo 22:3) na Ruthu aambatanapo na mkwewe Naomi (Ruthu 1:14), vitendo vyote viwili huelezwa kwa umbo moja: "clave", wakati uliopita wa "cleave". Wengi hudhani hiki ni kitenzi kimoja chenye maana zinazopingana. Sivyo. Katika Kiingereza cha Kale palikuwa na vitenzi viwili, "cleofan", kupasua, na "clifian", kunata. Sauti zilipobadilika, matamshi yalikutana, maana hazikukutana.

Mfasiri ana alama za kumwongoza. Kitenzi kikifuatwa na "to" au "unto", kwa kawaida maana ni kuambatana. "Cleft" na "cloven" ni za kupasua tu. Asiyezingatia hayo atamwamuru mume ampasue mkewe (Mwanzo 2:24)!

Kiswahili hakina utata huo, kwani viambishi huubeba mzigo: -at- ya mgusano katika ambata, fumbata na kamata, -u- ya kutengua katika bandua, zibua na pachua. Hata hivyo "ambatana" nayo ina kasoro yake. Kiambishi -an- hudokeza kitendo cha wawili, ilhali Naomi alikuwa akimsihi Ruthu arudi kwao. Kung'ang'ania kulikuwa kwa upande mmoja, na Kiingereza hapo hakidokezi vingine. Kwa Mwanzo 2:24 "ambatana" yafaa sana. Kwa Ruthu, mimi ningependelea "akamng'ang'ania".