Chini ya Ulinzi, Kuzuiliwa, Kizuizini: Yajue Maneno Kabla Hujafika Kituoni

Katika taarifa za habari utasikia mtu mmoja "yuko chini ya ulinzi wa polisi", mwingine "anazuiliwa", na wa tatu "amepelekwa rumande". Wengi wetu huyachukua maneno hayo kuwa kitu kimoja: amewekwa ndani, basi. Lakini sheria inayatenganisha. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinawataja wanaozuiliwa, walio chini ya ulinzi na waliofungwa, kila kundi kwa jina lake. Kinasema wote wanabaki na haki zao, isipokuwa zile zisizowezekana mtu akiwa katika hali hiyo.

Kuzuiliwa ni kunyimwa uhuru wa kuondoka. Maswali yake ni: kwa amri ya nani, kwa sababu gani, na hadi lini?

Kuwa chini ya ulinzi ni kuwa mikononi mwa mtu ambaye sasa ana dhima juu yako. Swali lake ni jingine: nani anawajibika kwa uhai, afya na chakula cha huyu mtu? Aliye korokoroni huwa katika hali zote mbili kwa pamoja, kwa hivyo jamaa zake wana haki ya kuuliza maswali yote hayo.

Wazazi wa Pwani wenye vijana Nairobi wanaijua simu ya usiku kutoka Kibera au Kawangware: "Fulani ameshikwa." Tuseme kijana amekamatwa Kawangware Ijumaa saa mbili usiku. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zinaisha Jumamosi usiku, mahakama ikiwa imefungwa, kwa hivyo muda unasogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu. Ndiyo maana kamatakamata ya Ijumaa inaogopwa sana mitaani. Aliyekamatwa Jumanne asubuhi hana wikendi ya kungojea. Ikifika Alhamisi bado yuko seli na hajamwona hakimu, anazuiliwa kinyume cha Katiba.

Akifika mbele ya hakimu, iwe Mahakama ya Kibera au kwingineko, ni lazima ashtakiwe, au aelezwe kwa nini azidi kuzuiliwa, au aachiliwe. Ana haki ya dhamana yenye masharti ya haki, ila pakiwa na sababu nzito ya kumnyima. Na kama kosa adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza asipelekwe rumande. Makosa mengi madogo yanayojaza seli za mitaani yamo humo.

Rumande ni hatua nyingine. Hapo mahakama imeamuru, na mshukiwa ametoka mikononi mwa polisi akaingia mikononi mwa magereza, kama lile la rumande la Industrial Area. Bado ni mahabusu, si mfungwa. Hajapatikana na hatia.

Kisha kuna neno kizuizini, nalo lina historia chungu, hasa kwetu Pwani. Wakati wa hali ya hatari Waingereza waliwafungia maelfu Manyani bila kesi, na Machi 1959 watu 11 waliokuwa kizuizini waliuawa kwa kipigo Hola. Uhuru ulipokuja desturi haikuisha. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alishtakiwa, akahukumiwa, akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969: huyo alikuwa mfungwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwisho wa 1977, akakaa Kamiti takriban mwaka mzima bila shtaka lolote: huyo alikuwa kizuizini. Mmoja alijua siku yake ya kutoka, mwingine hakujua.

Lakini kuzuiliwa kihalali si mwisho wa maswali. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akaletwa Nairobi katika Kituo Kikuu cha Polisi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulipinga maelezo hayo. Washukiwa, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Kibera. Ulinzi maana yake ndiyo hiyo: aliyemshika mtu ana deni la kumrudisha mzima.

Kwa hivyo ukifika kituoni, uliza yameandikwa nini katika kitabu cha OB, na uchukue nambari yake. Uliza kosa ni lipi na saa aliyokamatwa. Omba kumwona, na wakili wake amwone. Ukilipa dhamana ya polisi, dai risiti, maana pesa hizo hurudishwa. Zisizo na risiti si dhamana.

Na wakikuambia hayupo, hali ulimwona akichukuliwa, usirudi nyumbani kungoja. Mtu asiyeandikwa popote hayuko chini ya ulinzi wala hazuiliwi kisheria, ametekwa. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Haki hiyo, kwa Kifungu cha 25, haiwezi kupunguzwa na yeyote.