Usimeze dawa moja mara mbili

Baridi ya Julai ikiingia, nalo vumbi la Kayole na moshi wa jaa la Dandora ukiwa haujapungua, wakazi wengi wa Eastlands hupiga chafya na pua kuziba. Jioni hupitia kwa kemisti, wakanunua Piriton ya chafya, tembe za mafua za kuzibua pua na Panadol ya kichwa, kisha wakazimeza zote pamoja.

Hatari ni kwamba majina ni matatu, lakini dawa zilizomo hujirudia. Piriton ni klofeniramini, na Panadol ni parasetamoli. Tembe nyingi za mafua huwa na hizo mbili tayari, pamoja na dawa ya kuzibua pua.

Klofeniramini ikizidi huleta usingizi mzito, mdomo kukauka na mkojo kukwama, hasa kwa wazee wenye uvimbe wa tezi-kibofu. Dereva wa matatu asiimeze akiwa kazini. Pombe huzidisha usingizi huo. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24.

Dawa za kuzibua pua, kama sudoefedrini, hubana mishipa ya damu puani. Lakini hubana mishipa kwingineko pia, presha ikapanda na moyo ukaenda mbio. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asizitumie bila kumwona daktari. Matone ya kuzibua pua yasipite siku 5, la sivyo pua itazidi kuziba.

Ufanyeje basi? Soma maandishi madogo kwenye pakiti. Jina la dawa likitokea mara mbili, acha pakiti moja. Mweleze kemisti dawa nyingine unazotumia, na uhakikishe kwamba duka lake limesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Ikiwa ni chafya na macho kuwasha tu, bila joto mwilini, huenda ni mzio. Tembe moja ya setirizini kwa siku yaweza kutosha, nayo haileti usingizi sana kama Piriton. Usizitumie zote mbili pamoja.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe dawa za mchanganyiko za mafua. Matone ya maji ya chumvi puani yatamsaidia.

Ukishikwa na maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu au kupumua kwa shida, usirudi kwa kemisti. Nenda hospitali mara moja, na ubebe pakiti za dawa ulizomeza.