Mlezi wa makao ya watoto: kweli au si kweli?

"Watoto wa makao wote ni yatima."
Si kweli. Bukoba na Muleba bado tunasema "kituo cha yatima", na chanzo kinajulikana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walibainika hapa Kagera, hospitali ya Ndolage. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyoingizwa na wachuuzi kutoka Uganda, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu tu. Lakini makaoni leo utamkuta pia aliyekimbia kipigo, aliyeokotwa, na kichanga ambaye mama alifariki akijifungua; baba yupo, ila hana wa kumshikia mtoto.

"Kazi yenyewe ni kupika, kufua na kuogesha."
Huo ni mchana. Usiku mvua ya Bukoba inapiga bati, na mtoto wa miaka 6 anatoka kitandani, anachungulia kama mlezi aliyemlaza bado yupo. Zamu imebadilika. Kwa hiyo anayeondoka anamuaga kabla hajalala, hata kama atalia, na kwenye daftari la zamu anaandika nani ametapika na nani amekojoa kitandani. Bila kumcheka.

"Kumrudisha kwa ndugu ni kumtupa."
Si kweli, na hapa ndipo wenye huruma nyingi hukosea. Makao ni kimbilio la muda. Afisa ustawi wa jamii hutafuta ndugu, wakikosekana hutafuta familia ya malezi ya kambo. Kwa Wahaya kuna pia kibanja, shamba la migomba la familia, ambalo mtoto aliye mbali anaweza kulipoteza. Marehemu wetu wanazikwa humohumo migombani, na mpaka usio na mwenyewe husogea kidogokidogo kila msimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, lakini atadai vipi shamba asilojua liko wapi? Mlezi makini huuliza mapema jina la baba, kijiji, ukoo, jirani wa mpakani, na kuyaandika.

"Moyo unatosha, mafunzo ya nini?"
Mwenye moyo pia humpiga mtoto, asipofunzwa njia nyingine.

"Siku ya kuondoka, nguo na madaftari ya shule vinatosha."
Ongeza kadi ya kliniki, picha zake, na karatasi moja ya kumsomea bibi atakayempokea: halali bila taa, uji wa moto hanywi, akinyamaza sana ana homa.